Barua ya Wazi kwa Bodi ya Makumbusho ya Mji Wetu: Viondoeni Kabatini Vitu vya Makaburini

Kwa Mwenyekiti na Wajumbe wa Bodi ya Makumbusho,
Nakala kwa Meya na Madiwani wa Mji.

Waheshimiwa,

KUH: VITU VILIVYOFUKULIWA KATIKA MAKABURI YA WENYEJI WA MAREKANI NA KUWEKWA KATIKA CHUMBA CHA KWANZA

Nawasalimu kwa heshima. Hii ni barua yangu ya nne kwenu kuhusu jambo hilihili. Ya kwanza niliituma Oktoba 2024, nikajibiwa kwa mistari miwili ya shukrani. Ya pili, ya Januari 2025, haikujibiwa. Ya tatu niliisoma kwa sauti katika mkutano wenu wa Machi, ndani ya dakika tatu mlizonipa, na katibu akaniahidi kwamba suala hilo litaangaliwa. Linaangaliwa mpaka leo.

Zile tatu zilikuwa za Kiingereza. Hii naiandika kwa Kiswahili na kuiweka hadharani kwa sababu wasomaji wa Kiswahili katika mji huu wa Illinois si wachache tena: Wakongo na Warundi wanaofanya kazi katika kiwanda cha nyama, na sisi Wakenya tuliotangulia kidogo. Wanalipa kodi inayolisha makumbusho yenu, na watoto wao huletwa kwenu na shule kila mwaka. Tafsiri ya Kiingereza nimeiambatanisha kwenye nakala yenu, ili asitokee wa kusema kwamba hakuelewa.

Niseme mapema kwamba sina ugomvi na makumbusho yenyewe. Mji mdogo unaotunza makumbusho bila kutoza kiingilio, kwa mikono ya wazee wanaojitolea, ni mji unaostahili sifa, nami nimetoka mahali ambapo watu wangetamani kuwa na chumba kimoja tu cha aina hiyo. Chumba chenu cha pili, cha sanaa za watu wa hapa, nakipenda kwa dhati. Kuna mchoro wa rangi za maji wa mto wakati wa barafu, na maghala ya nafaka kwa mbali, ambao kila nikienda husimama mbele yake muda mrefu kuliko nilivyokusudia. Kuna mablanketi ya viraka yaliyoshonwa na wanawake wa makanisa ya hapa, mshono juu ya mshono, kazi ya msimu mzima wa baridi. Ninacholalamikia kiko katika chumba cha kwanza.

Tarehe 12 Oktoba 2024, siku ya Jumamosi, niliwapeleka hapo watoto kumi na mmoja wa darasa letu la Kiswahili. Ukiingia, ukutani upande wa kushoto kuna ubao wenye vichwa vya mishale vya mawe, mamia kwa mamia, vilivyogandishwa kwa gundi katika umbo la jua lenye miale. Kulia kuna kabati la vioo. Ndani yake, juu ya kitambaa cha mahameli mekundu kilichopauka, kuna bakuli la udongo lililopasuka na kuunganishwa, shanga za shaba zilizogeuka kijani, na mkufu wa vipande vya kombe la baharini. Bahari iko mbali sana na hapa. Makombe ya aina hiyo yaliletwa kwa biashara kutoka Ghuba ya Meksiko, na shaba kutoka pande za Ziwa Superior, na watu wa bonde la mto Illinois walikuwa wakizikwa na vitu kama hivyo tangu takriban miaka 2000 iliyopita. Hayo yote kibandiko hakiyasemi. Kibandiko, kilichopigwa kwa taipu na kukunjika pembe, kinasema tu kwamba vitu hivyo vilitoka katika kaburi la "Mhindi", yaani Mwenyeji wa Marekani, shambani, mwaka 1931.

Mtoto mmoja wa miaka minane, ambaye wazazi wake wametoka Uvira, aliniuliza kwa Kiswahili cha kwao: "Mwalimu, hii walitosha mu kaburi ya mutu?" Nikamwambia ndiyo, vilitolewa kaburini. Akauliza tena: "Na mwenyewe iko wapi?"

Nilimtafsiria swali hilo mzee aliyekuwa zamu. Alikuwa mpole, na alijibu kwa nia njema kabisa, bila kuficha, kwamba mifupa iko chini ya jengo, ghalani, ndani ya sanduku. Watoto walinikodolea macho wakisubiri tafsiri. Sikutafsiri.

Masuala yangu ni haya.

1. Mnaonyesha mali ya marehemu bila ridhaa ya watu wake. Sheria ya taifa ya mwaka 1990 kuhusu makaburi ya Wenyeji wa Marekani, ijulikanayo kwa kifupi kama NAGPRA, inahusu mabaki ya binadamu, vitu vilivyozikwa pamoja nao, vitu vitakatifu na urithi wa pamoja wa kabila. Kanuni zake mpya zilianza kutumika tarehe 12 Januari 2024, na zinayataka makumbusho yapate ridhaa ya hiari, ya mapema na iliyotolewa kwa kuelewa, kutoka kwa wazawa wa marehemu au makabila husika, kabla ya kuonyesha vitu hivyo, kuruhusu vifikiwe au kuruhusu utafiti juu yake. Mwezi huohuo Makumbusho ya Historia ya Asili ya New York yalifunga kumbi mbili nzima, na Field Museum ya hapa jimboni kwetu, Chicago, ikafunika baadhi ya makabati yake. Taasisi hizo zina mawakili na wataalamu wa kila namna, na bado ziliona ni heri kufunika kwanza na kuuliza baadaye. Kabati lenu halijaguswa.

2. Lipo sanduku ghalani. Kwa suala hili sitatumia maneno mengi, kwa kuwa ndilo zito kuliko yote. Orodha za mabaki ya binadamu zilitakiwa kukamilishwa kufikia Novemba 1995. Katika mkutano wa Machi niliuliza kama sanduku hilo limewahi kuorodheshwa na kuripotiwa, na hakuna mjumbe aliyeweza kujibu.

3. Maelezo yenu yanawazungumzia Wenyeji kana kwamba wamekwisha. Kila kibandiko kiko katika wakati uliopita: waliishi, waliwinda, walitoweka. Hawakutoweka. Waliondolewa, na tarehe zinajulikana. Sheria ya kuwahamisha Wenyeji ilipitishwa mwaka 1830. Vita vya Black Hawk, kiongozi wa kabila la Wasauk, vilipiganwa mwaka 1832. Mkataba wa Chicago ukawang'oa Wapotawatomi mwaka 1833. Kabila la Peoria, ambalo jina lake limo katika ramani ya jimbo hili, leo makao yake yako Miami, Oklahoma. Wameskwaki walirudi na kununua ardhi yao wenyewe Iowa mwaka 1857, na wapo Tama hadi leo, mwendo wa saa chache kwa gari. Na hapahapa Illinois, chifu Shab-eh-nay alikuwa na ekari 1,280 alizohakikishiwa kwa mkataba wa 1829. Mwaka 1849, alipokuwa Kansas akiwatembelea jamaa zake, serikali iliipiga mnada ardhi hiyo. Aprili 2024 sehemu yake, ekari 130, iliwekwa chini ya udhamini wa serikali kuu kwa niaba ya watu wake, Prairie Band Potawatomi. Habari hiyo ilikuwa na miezi sita tu tulipokuja kuwatembelea, nanyi mlikuwa mmetundika mchoro mkubwa wa mafuta unaomwonyesha mpanda farasi peke yake akielekea machweo.

(Kwa wasomaji wangu wa Kiswahili: hata sisi tuna la kurekebisha. Shuleni tulifundishwa kuwaita "Wahindi Wekundu", kosa la baharia aliyedhani amefika India, nasi tukalitia rangi. Darasani kwetu tunasema Wenyeji wa Marekani, na tukilijua kabila tunalitaja kabila.)

4. Duka la mlangoni linauza vile viduara vya nyuzi na manyoya vinavyoitwa vinasa-ndoto, asili yake kwa Waojibwe, chini ya kibao kinachosema ni sanaa ya Wenyeji. Niligeuza kimoja. Kwa nyuma kulikuwa na kibandiko kidogo cha kiwanda cha ng'ambo. Iko sheria nyingine ya mwaka huohuo wa 1990 inayokataza kuuza kitu kwa kukiita kazi ya Mwenyeji wakati si yeye aliyekitengeneza. Kama hamna habari nayo, sasa mnayo.

5. Chumba cha sanaa, kwa uzuri wake wote, hakina hata kazi moja ya msanii wa Kimarekani Mwenyeji aliye hai. Kwa hiyo mtoto anayepita vyumba vyote viwili anajifunza kwamba Wazungu huchora na Wenyeji hufukuliwa.

Najua majibu yatakayotolewa, kwa kuwa mengine nimeshapewa mlangoni au kwenye maegesho baada ya mkutano, ambako wajumbe huzungumza kwa uhuru kuliko ndani.

Mtasema kwamba sheria ya 1990 inahusu makumbusho yanayopokea fedha za serikali kuu, na ninyi hamjawahi kuomba hata dola moja. Lakini sheria haiishii kwenye akaunti yenu ya benki. Makumbusho yakiwa sehemu ya chombo kikubwa kinachopokea fedha hizo, nayo yanahusika. Jengo ni la mji, umeme unalipwa na mji, msimamizi analipwa mshahara na mji, na mji umepokea fedha za serikali kuu mara nyingi baada ya Novemba 1990, ikiwemo misaada ya kipindi cha korona iliyotangazwa kwa mbwembwe kwenye ubao wa matangazo wa manispaa. Muulizeni mwanasheria wa mji, kisha mtuonyeshe jibu lake kwa maandishi.

Mtasema hamjui vitu hivyo ni vya kabila gani. Hilo lilikuwa kimbilio la makumbusho mengi kwa zaidi ya miaka thelathini: mabaki yakipewa jina la "yasiyotambulika", yanabaki rafuni. Kanuni za 2024 zimeliondoa fungu hilo, na mahali kitu kilipotoka sasa panatosha kuwa msingi wa kuwatambua wahusika. Nanyi mahali mnapajua. Mmepaandika kwenye kibandiko.

Mtasema mlipewa na familia iliyokuwa na shamba lile, na wosia lazima uheshimiwe. Nami nawauliza kwa upole: aliyefukua kaburi la mwingine alipata wapi haki ya kulirithisha?

Mtasema kwamba kwenu vitu viko salama. Black Hawk, yule kiongozi wa Wasauk, alifariki mwaka 1838. Kaburi lake lilifukuliwa, na mifupa yake ikaishia katika jengo la jumuiya ya jiolojia na historia mjini Burlington, Iowa, ng'ambo tu ya mto Mississippi. Jengo hilo liliteketea kwa moto mwaka 1855, pamoja na mifupa.

Mtasema watoto watakosa elimu, na kwamba bila kabati lile hakuna atakayekuja. Hili linastahili jibu refu zaidi, maana jimbo letu limeshalipitia. Karibu na Lewistown, mwaka 1927, mganga wa kunyoosha viungo aitwaye Don Dickson alianza kuchimba kilima cha makaburi katika shamba la familia yake. Aliondoa udongo, akaiacha mifupa ilivyolala, akapiga hema juu yake na kutoza kiingilio. Jimbo lilinunua mahali hapo mwaka 1945 na kuendelea kuonyesha. Mabasi ya shule yalipeleka watoto kwa miongo, wakaegemea vizuizi kuchungulia mifupa ya watu zaidi ya 230, wakubwa kwa watoto. Wenyeji walipinga, wakaandamana, na wapo watu wa eneo hilo waliowapinga Wenyeji kwa hoja hizihizi zenu, za elimu na za watalii. Gavana Jim Edgar aliagiza onyesho lifungwe; likafungwa Aprili 1992, na makaburi yakafunikwa. Makumbusho ya Dickson Mounds yangali wazi. Nimewapeleka watoto wa darasa langu, na kwa saa mbili hawakuchoka kuuliza, na hapakuwa na kaburi wazi hata moja.

Na mtasema, kama mjumbe mmoja alivyonong'ona siku ile ya Machi nikiwa bado sijaketi, kwamba mimi ni mgeni na haya hayanihusu. Kwetu tuna msemo: mgeni njoo, mwenyeji apone. Sijui katika chumba kile mwenyeji alikuwa nani. Hata hivyo nitalijibu, kwa sababu jambo hili linanihusu kuliko mnavyodhani.

Mimi ni Mgiriama, mzaliwa wa upande wa Kaloleni, katika pwani ya Kenya. Mzee wa chama cha Gohu anapofariki kwetu, na baadaye ikabainika kwamba anataka kukumbukwa, familia huagiza kigango: nguzo ya mti mgumu, bapa, yenye kichwa cha mviringo, iliyonakshiwa pembetatu ndogondogo kuanzia shingoni hadi chini. Husimikwa bomani, hufungwa vitambaa, humwagiwa tembo la mnazi. Kikishasimikwa hakiondolewi. Hata boma likihama, kigango hubaki palepale, na watu huondoka na kibao kidogo tu cha kuwakilisha. Kwa macho ya mpita njia, ni kigogo kilichoachwa porini, kinachongoja mwenyewe. Wezi walisoma hivyo, na madalali wakasoma hivyo, na mamia ya vigango yakaishia katika nyumba na makumbusho ya Marekani.

Mwaka 1985, katika kijiji cha Chalani, mzee mmoja alipigwa picha na mtafiti akiwa kando ya vigango viwili vya ndugu zake. Muda mfupi baadaye vyote viwili vikaibwa. Kimoja kilionekana mwaka 1999, na mnajua kilionekana wapi? Hapa Illinois, katika makumbusho ya chuo kikuu. Kingine kilikuwa Virginia. Vilirudi kijijini mwaka 2007. Makumbusho ya Denver yakafuata kwa vigango 30, vilivyofika Kenya mwaka 2019, na mwaka 2023 Makumbusho ya Jimbo la Illinois, yanayoendeshwa kwa kodi yangu na yenu, yakakabidhi vingine 37 jijini Nairobi.

Hakuna sheria iliyoilazimisha Illinois kuvirudisha hivyo 37. NAGPRA haivuki bahari. Vilirudishwa kwa sababu watu waliokuwa na mamlaka kama yenu walikaa kitako, wakakubali kwamba kitu hakiwi cha makumbusho kwa kuwa tu kimekaa makumbushoni muda mrefu. Marehemu babu yangu aliishi akiamini kwamba ukame ulioandama kijiji chake ulitokana na kigango kilichong'olewa. Mtu anaweza kuamini hivyo au asiamini. Ninachojua ni kwamba aliendelea kwenda mahali pale palipobaki shimo, na kumwaga tembo kwenye shimo.

Kwa hiyo naomba yafuatayo, nami nayataja moja baada ya jingine ili yasije yakaitwa malalamiko ya jumla.

Kwanza, kabati la chumba cha kwanza lifunikwe wiki hii, kwa kitambaa tu, na pawekwe maelezo ya ukweli kuhusu sababu ya kufunikwa. Kitambaa hakihitaji bajeti.

Pili, sanduku la ghalani lisifunguliwe wala kuhamishwa na mtu yeyote, hata kwa nia njema, mpaka wahusika washauriwe, na mji uwasiliane na ofisi ya NAGPRA iliyo chini ya Idara ya Hifadhi za Taifa kuripoti kilichopo. Ofisi hiyo hutoa ruzuku kwa makumbusho na kwa makabila kwa kazi hii hasa, na wapo watu wa kujibu maswali. Mkikosa wa kujaza fomu, mimi na walimu wenzangu wawili tutajitolea.

Tatu, muwaandikie wenye asili ya bonde hili: kabila la Peoria huko Oklahoma, Prairie Band Potawatomi huko Kansas, Wameskwaki, Wakickapoo na wengine watakaotajwa na ofisi hiyo. Barua hizo zisainiwe na mwenyekiti, na majibu yasomwe katika mkutano wa wazi. Wakisema mkufu ule urudi ardhini, urudi. Wakisema ubaki na uonyeshwe, nitakuwa wa kwanza kuja kuutazama.

Nne, vinasa-ndoto viondolewe, na nafasi ile katika chumba cha sanaa iliyo kati ya dirisha na mlango, ambayo imekuwa tupu tangu masika, apewe msanii Mwenyeji aliye hai, kwa malipo kama wanavyolipwa wengine.

Naomba jibu la maandishi kabla ya mkutano wenu ujao wa kawaida. Nimeshajiandikisha kuzungumza. Safari hii tumejiandikisha watu tisa, kila mmoja na dakika zake tatu, na wanne kati yetu watazungumza kwa Kiswahili, kwa hiyo nawaomba mtafute mkalimani. Yule mtoto wa Uvira atakuwepo pamoja na mama yake. Ameniuliza mara mbili tayari kama mwenyewe amepatikana.

Wenu mwaminifu,

Mwalimu wa darasa la Kiswahili la Jumamosi,
mkazi na mlipakodi wa mji huu